Kwa Nini Vidonge Vyekundu Humezwa Miezi Sita

Yako maradhi ambayo dawa yake humchosha mtu kuliko ugonjwa wenyewe, na kifua kikuu ni mojawapo. Ugonjwa unapoingia, mtu hukohoa, hukonda, hutoka jasho usiku hata shuka ikalowa, naye huwa tayari kumeza chochote atakachopewa. Zikipita wiki chache za vidonge, homa hukoma, chakula huingia, uso hujaa. Hapo ndipo mashaka yanapoanza. Imebaki miezi minne na zaidi ya kumeza dawa, na mgonjwa hajioni tena kuwa mgonjwa.

Mimi ni karani wa parokia, na makazi yangu ni Jambiani, kusini-mashariki ya kisiwa cha Unguja. Kwa kuwa nilisomea ualimu chuoni, majirani huniita mwalimu, ingawa chaki siishiki tena. Mlango wa pili na wangu anakaa mama mmoja wa makamo, Mwislamu kama walivyo wengi wa kijiji chetu, mkulima wa mwani. Maji yakikupwa huingia baharini na vigingi vyake na kamba zake, na siku ambazo mwani haudai kazi hukaa kivulini akisokota kamba za usumba. Mwaka jana alipatikana na kifua kikuu. Kituoni walimwambia achague mtu wa kumsimamia katika kumeza dawa, akanichagua mimi. Sababu yake, alisema, ni kwamba nina saa na mwandiko wangu unasomeka. Basi kila asubuhi nilipita kwake kabla ya kazi, akameza mbele ya macho yangu, nami nikatia alama katika kadi.

Miezi miwili ya kwanza ilikwenda vema. Vidonge vya kipindi hicho vina dawa nne ndani ya kimoja: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Rifampisini ndiyo yenye rangi nyekundu, nayo huupaka mkojo, jasho, hata machozi, rangi ya machungwa. Hilo halimdhuru mtu, nalo alikwisha kuambiwa, kwa hiyo hakushtuka. Mwisho wa mwezi wa pili makohozi yake yakapimwa, na vijidudu havikuonekana. Kesho yake nilimkuta ameketi kizingitini, vidonge mkononi, maji kando.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Nataka nikuulize, mwalimu. Jana wamenambia vijidudu havionekani. Mie mwenyewe n'shapona, kikohozi sina. Basi hivi vidonge vya miezi minne namezea kumwua nani?"

Mwanawe wa kiume, afanyaye kazi mjini, alikuwa amempigia simu usiku akimsihi aache, kwani dawa nyingi zingemharibu ini.

Swali lile niliona ni la haki. Mtu mzima mwenye akili zake hapasi kujibiwa "meza tu, ndivyo walivyosema". Siku ile nilimjibu kwa maneno machache. Wiki zilizofuata, baada ya kumwuliza mganga na kusoma vitabu, nilimjibu kwa mengi zaidi, naye akawa ananiuliza mengine. Hayo tuliyozungumza ndiyo ninayowaandikia.

Kila kijidudu, ingawa hakionekani kwa macho, kina ndani yake maandiko ya namna ya kuishi: namna ya kujenga ukuta wake, ya kula, ya kuzaa kingine kama chenyewe. Maandiko hayo wataalamu huyaita DNA. Ni uzi mrefu wa nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, na herufi zake ni nne tu, zikirudiwa mara mamilioni. Sasa, kitabu hicho hakitoki kabatini. Kikitakiwa kitu, hufunguliwa pale palipo na neno hilo, na neno hunakiliwa katika karatasi ndogo iitwayo RNA, nayo ndiyo inayopelekwa kwenye kazi. Mimi naielewa habari hii upesi, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Kitabu cha ubatizo hakitoki ofisini. Mtu akitaka kuoa, nakifungua, nanakili jina, tarehe na wazazi katika cheti, cheti ndicho kinachokwenda. Mkono wangu ukishikwa, kitabu kitabaki kizima lakini hakuna arusi itakayofungwa.

Rifampisini huushika mkono huo. Ndani ya kijidudu yuko karani wa kunakili, naye huitwa polimerasi. Dawa hii hujibana ubavuni mwake, pale hasa ambapo karatasi inapaswa kutokea. Karani huanza kazi, huandika herufi mbili tatu, kisha karatasi hugonga dawa na haisogei tena. Jambo la ajabu ni kwamba karani aliyekwisha kuandika zaidi ya hapo hashikiki, humaliza nakala yake. Lakini akitaka kuanza nyingine, amekwama. Makarani wa miili yetu wana umbo jingine, na dawa haiwashiki, ndiyo maana kijidudu hufa na mwenye mwili akabaki.

Zipo dawa nyingine zinazopiga upande huo huo wa maandiko kwa njia nyingine. Septrin, mathalani, hukizuia kijidudu kujitengenezea kitu ambacho kwacho hutengeneza herufi zenyewe, ni sawa na kumnyima karani wino. Flagyl huingia ndani ya vijidudu vinavyoishi pasipo hewa, na humo hugeuka kitu cha kukatakata uzi. Ya tatu nitaieleza kwa kamba, kwa kuwa mama yule aliielewa kuliko mimi.

Chukua kamba ya nyuzi mbili iliyosokotwa barabara, ncha zake zifungwe, kisha ujaribu kuachanisha nyuzi katikati. Mbele ya vidole vyako kamba itajikaza na kujipinda mafundo. "Hapo hukati?" nilimwuliza. Akacheka: "Hukata, ukalegeza, ukaunga." Ndivyo kifanyavyo kijidudu kila kinapofungua maandiko yake. Kina fundi wake, aitwaye girasi, wa kukata uzi, kuulegeza na kuuunga tena. Dawa ya siprofloksasini, ambayo madukani watu huiita sipro, na ndugu zake, humshika fundi huyo akiwa amekwisha kukata na hajaunga. Kamba zikibaki zimekatika, kijidudu kimekwisha. Mzee wa ukoo huo wa dawa alipatikana kutokana na mabaki ya kutengeneza klorokwini, ile dawa chungu ya malaria tuliyomezeshwa utotoni, akatangazwa mwaka 1962.

Turudi kwenye swali la kizingitini: kumwua nani?

Vijidudu vingi hujigawa upesi, vingine kila dakika 20. Kijidudu cha kifua kikuu huhitaji karibu siku nzima kujigawa mara moja. Tena si vyote vinavyofanya kazi. Vingine hulala kabisa ndani ya mapafu, havijengi ukuta, havizai, kitabu kimefungwa. Dawa inayoua vijidudu wakati vinapojenga haina la kuvifanya vilivyolala. Mjini Nairobi Daktari Amina Jindani na wenzake walihesabu vijidudu katika makohozi ya wagonjwa siku kwa siku, wakachapisha matokeo mwaka 1980. Waliona kwamba isoniazidi huua halaiki kubwa katika siku mbili za kwanza, kisha kasi hupungua sana. Wale wepesi wamekwisha, wamebaki wazito. Hao ndio wasioonekana katika kioo cha hadubini, kwa kuwa ni wachache, na ndio wanaomrudishia mtu ugonjwa baada ya mwaka.

Wataalamu hueleza hivi: mlala huyo mara moja moja huamka, pengine kwa muda mfupi tu, akafungua kitabu anakili neno. Hapo akiikuta rifampisini imekwisha kukaa mahali pake, amekamatwa, kwani dawa hii hushika kazi upesi. Asipoikuta, hurudi kulala salama. Walala hawaamki wote siku moja. Mmoja ataamka leo, mwingine mwezi ujao. Kwa hiyo mlinzi hana budi kuwapo kila siku kwa miezi. Nikamwambia, "Bi Mkubwa, unamezea wale walalao."

Haya si mawazo ya vitabu tu. Yalipimwa hapa kwetu, kwa watu wetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia zilishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza katika jaribio kubwa. Siku zile mgonjwa alitibiwa mwaka mmoja na nusu, na wengi walitoroka njiani. Watafiti wakauliza, je, miezi sita yatosha? Wagonjwa wakagawanywa mafungu. Mafungu manne yalipata sindano za streptomisini pamoja na isoniazidi kwa miezi sita. Fungu moja likaongezewa rifampisini, moja pirazinamidi, moja thiasetazoni, na moja halikuongezewa kitu. Fungu la tano likatibiwa kwa desturi ya zamani ya miezi 18.

Mwisho wa miezi sita karibu wote wa mafungu yale manne walionekana wamepona. Hapo mtu wa haraka angesema dawa zote ni sawa. Lakini walifuatiliwa baada ya kuacha dawa. Katika fungu lisiloongezewa kitu, karibu 30 katika kila mia walirudiwa na ugonjwa. Katika fungu la thiasetazoni, zaidi ya 20. Katika fungu la pirazinamidi, wanane hivi. Katika fungu la rifampisini walirudiwa watatu hivi tu katika mia, sawasawa na waliotibiwa miezi 18. Habari zilianza kutolewa katika gazeti la madaktari la Uingereza mwaka 1972, na tiba ya miezi sita itumikayo leo duniani imejengwa juu ya msingi huo. Mimi mtu wa madaftari hujiuliza majina ya wagonjwa wale. Madaktari wametajwa vitabuni, lakini wagonjwa waliokubali kutoboa miili kwa sindano kila siku, na kurudi kupimwa miaka miwili baada ya kupona, hakuna cheti chao ninachoweza kunakili.

Rifampisini yenyewe asili yake ni udongo. Mwaka 1957 udongo uliochukuliwa pwani ya kusini ya Ufaransa ulifikishwa maabara ya Lepetit mjini Milano, Italia, na ndani yake Piero Sensi na wenzake wakapata kiumbe kidogo kinachotoa rangi nyekundu yenye kuua vijidudu. Jina walilitoa katika sinema iliyovuma siku zile, Rififi, neno la mitaani la Kifaransa lenye maana ya ugomvi. Iliwachukua miaka mingine kuigeuza ikubali kumezwa, na mwaka 1968 ikaanza kuuzwa Italia.

Nayo ilikuwa ghali mno. Kwa sababu hiyo, katika nchi zetu kwa miaka mingi mgonjwa alipewa rifampisini miezi miwili ya kwanza tu, kisha dawa rahisi kwa miezi sita, jumla minane. Watu wengi walipona kwa mpango ule, hata hivyo utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba waliopata rifampisini mpaka mwisho, kwa miezi sita, walirudiwa mara chache zaidi. Sababu mmekwisha kuijua: mlinzi aliondolewa mapema.

Siwezi kupita hapa bila kumtaja Daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia aliyefanya kazi Uholanzi, ambaye mwenyewe aliugua kifua kikuu katika kambi ya wafungwa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Yeye na madaktari wa Tanzania walianzisha mwaka 1977 mpango wa nchi nzima wa kifua kikuu na ukoma. Dawa nzuri zilikuwapo, ila kilichokosekana ni mtu wa kuhakikisha kwamba zinamezwa, na daftari la kuonyesha kila mgonjwa aliishia wapi: amepona, amekufa, amehama, ametoroka. Daftari hilo la wilaya likawa mfano, na katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likaupendekeza utaratibu huo kwa mataifa yote. Watu hudharau kazi ya ukarani. Basi nimefurahi kuitaja.

Na ukoma umefaidi dawa hiyo hiyo. Wazee wa Unguja hawajasahau Walezo, ambako wamisionari Wakatoliki waliwatunza maskini na wakoma, siku ambazo mkoma hakuwa na tumaini ila la kutunzwa. Tangu mwaka 1981 tiba ya ukoma ni dawa kadhaa kwa pamoja, na rifampisini humezwa mara moja tu kwa mwezi, mbele ya mganga. Dozi moja huua karibu vijidudu vyote vya ukoma vilivyo hai mwilini. Vidole vilivyokwisha kupotea havirudi, bali ugonjwa hukoma kusonga na kuambukiza.

Sasa niseme juu ya hatari, kwa kuwa mtoto wa mama yule hakukosea kuuliza. Ni kweli dawa hizi zaweza kuliudhi ini. Macho yakigeuka manjano, au mtu akitapika na kukosa nguvu, aende hospitali siku ile ile, wala asijiamulie nyumbani. Rifampisini pia hulihimiza ini kuteketeza dawa nyingine kabla hazijafanya kazi: baadhi ya dawa za kisukari, za virusi vya UKIMWI, za kuzuia damu isigande, vidonge vya uzazi. Kwa hiyo mgonjwa aeleze kila dawa anayotumia.

Lakini kuacha katikati kuna hatari iliyo kubwa zaidi. Kijidudu kinaponakili kitabu chake ili kijigawe, hukosea mara moja moja, kama karani yeyote. Kosa la herufi moja mahali fulani hubadili ubavu wa karani wa kunakili, na rifampisini haipati tena pa kujibana. Inakadiriwa kwamba hutokea kijidudu kimoja cha namna hiyo katika kila milioni mia moja. Ni wachache sana, lakini shimo moja ndani ya pafu laweza kubeba hesabu hiyo na kuipita. Ukimeza rifampisini peke yake, utawaua wote ila huyo mmoja, naye atabaki na shamba zima. Ndiyo maana dawa huchanganywa, aliyeponyoka hii auawe na ile. Na mtu amezaye leo akaacha wiki mbili, akaanza tena akaacha, ndiye anayewalea wale walioponyoka.

Makosa hayo ya herufi siku hizi husomwa kwa mashine. Iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani Desemba 2010 huchukua makohozi na kwa muda wa saa mbili hivi hueleza kama vijidudu vipo, na kama kipande kifupi cha herufi 81, ambamo makosa mengi dhidi ya rifampisini hupatikana, kimebadilika. Kikiwa kimebadilika, mgonjwa huhitaji dawa nyingine. Zamani tiba hiyo ilifika miezi 20 na sindano zilizowaacha wengine viziwi. Tangu mwaka 2022 uko mpango wa miezi sita bila sindano, na moja ya dawa zake ni moksifloksasini, ndugu wa sipro, mshika fundi wa kamba.

Kwa hiyo sipendezwi ninapomwona mtu mwenye kikohozi cha wiki tatu akinunua sipro dukani, vidonge vinne vitano kwa kadiri ya fedha aliyo nayo. Sipro huweza kukipunguza kifua kikuu kwa siku kadhaa, kipimo kikaja kukikosa, mgonjwa akaendelea kuambukiza nyumba yake. Tena anavizoeza vijidudu silaha ambayo kesho yaweza kuwa ya mwisho. Kikohozi kikipita wiki mbili, makohozi yapimwe, na dawa ya kifua kikuu katika nchi yetu hailipiwi.

Jirani yangu alimeza siku ile, na ya pili yake. Hakusema nimemshinda, alisema tu kwamba habari ya kamba imemkaa. Ramadhani ilimkuta katika mwezi wa nne. Mganga alimwambia mgonjwa ana ruhusa ya kula, yeye akataka kufunga, wakapatana ameze kabla ya daku, tumbo likiwa tupu. Hivyo nami Mkristo nikawa naamka saa tisa za usiku mwezi mzima, na mara nyingi sikuachwa niondoke bila uji. Makohozi yalipimwa tena mwezi wa tano, na mwisho wa mwezi wa sita, mara zote mbili safi. Mwanawe alikuja kutoka mjini kuitazama kadi, akahesabu alama mwenyewe.

Mwezi uliopita kijana mmoja mvuvi ameanza dawa, naye amemchagua mama yule kuwa msimamizi wake. Saa hana, lakini adhana ya alfajiri anaisikia, na kila Jumamosi huniletea kadi niitazame.